Unga Ule Msinipe Tena

Nina ugomvi na unga mmoja unaouzwa katika visanduku vidogo, nami nitausema wazi ingawa najua wenzangu wengi wanaofuga matumbawe watakunja nyuso. Unga huo ni erithromaisini. Katika fani yetu umepewa kazi ya kuua utando mwekundu ndani ya matangi ya maji ya chumvi, na kila anayelia kwamba tangi lake limevamiwa hushauriwa yale yale: mwaga, ngoja siku mbili, badili maji, kwisha. Mimi nasema ushauri huo ni mbaya, tena nasema kama mtu aliyeufuata.

Asiyewahi kuuona utando wenyewe nimweleze. Ni kama kitambaa laini cha rangi ya damu ya mzee. Huanza juu ya mchanga, mahali maji yanapolala, kisha hupanda mawe na kuyafunika matumbawe hata yakakosa mwanga. Ukiuvuta hutoka vipande vipande, na taa zikiwa kali hujaa vipovu vya hewa kama sufuria inayoanza kuchemka. Asubuhi huonekana umepungua, ukadhani mambo yamekwisha. Ikifika saa nane mchana umerudi. Wengi huuita mwani. Si mwani. Ni sayanobakteria, viumbe wa jamii ya bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama yafanyavyo majani, na ukale wao unatisha: ndio walioanza kuijaza oksijeni hewa ya dunia hii, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita. Huko Shark Bay, Australia, hadi leo wanajenga vichuguu vya mawe kando ya bahari. Viumbe wa umri huo tunataka kuwafukuza kwa kisanduku!

Mwaka 2014 tangi langu la lita 300 lilikuwa fahari ya sebule. Nilipima naitreti kila Jumamosi, na kipimo kikisoma sifuri nilijisifu kwa wageni, hata wale wasiojua naitreti ni kitu gani, maskini, wakitikisa vichwa kwa adabu. Utando ulipoingia sikuamini. Maji safi namna hii! Nikaenda dukani. Muuzaji, kijana mpole, hakuniuliza nalisha mara ngapi, wala maji nayatoa wapi, wala pampu yangu inasukuma kiasi gani. Alinyoosha mkono rafuni. Wakati ule, huku Marekani ninakoishi, dawa hiyo iliuzwa kwa ajili ya samaki bila cheti cha daktari, nayo ilikuwa imepangwa karibu na chakula cha kobe.

Kusema kweli, ilifanya kazi, na hapo ndipo penye hatari yake. Maelezo yalinitaka nizime mtambo wa kukamua povu, ambao ndio uliokuwa ukiyatia maji hewa. Utando ulikufa, ukaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Usiku wa pili niliamka nikawakuta samaki wamepanda juu kabisa wakitweta. Nilisimama pale na kikombe, nachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa, hadi alfajiri. Kamba wangu wawili walikufa, na samaki mmoja ambaye duka lilikuwa limemwandika kuwa ametoka Kenya. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nilimnunua kwa sababu hiyo tu. Alinaswa kwenye miamba ya pwani yetu, akatiwa katika mfuko wa plastiki, akavuka bahari kwa ndege, akafika hai. Akaja kufa nyumbani kwangu kwa kuwa mimi sikutaka kupunguza chakula.

Maana chakula ndicho kilichokuwa chanzo, au tuseme nusu ya chanzo. Wiki tano baadaye utando ulirudi, mnene kuliko kwanza, ndipo nikajiuliza yale ambayo kijana yule hakuniuliza. Nilikuwa nalisha vipande viwili vya chakula kilichogandishwa kila siku, nikiviyeyushia humo humo tangini pamoja na majimaji yake yenye fosfeti tele. Maji ya kufidia yaliyokauka niliyachota bombani. Nyuma ya jiwe kubwa palikuwa na kona isiyofikiwa na mkondo, uchafu umelala kama vumbi chini ya kabati.

Na ile sifuri niliyojivunia? Alfred Redfield alianza mwaka 1934 kuandika kwamba katika bahari naitrojeni na fosforasi huenda kwa uwiano, nao unaotajwa leo ni 16 kwa 1. Mimi niliondoa kimoja nikaacha kingine kirundikane. Mwani wa kawaida ukikosa naitreti hudhoofika, lakini baadhi ya sayanobakteria hujichukulia naitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini. Niliwafukuza washindani wao kwa mikono yangu, nikawaandalia karamu, kisha nikawanunulia sumu.

Wapo watakaonijibu kwamba matumbawe yanafunikwa na hawana muda wa falsafa. Haya, basi wachukue mpira wa kunyonyea maji. Kwa dakika kumi utando wote unaoonekana umetoka nje, pamoja na fosfeti iliyomo ndani yake. Dawa huuacha humo humo uoze na kuirudisha. Wengine hufunika tangi gizani siku tatu. Nimejaribu, na ingawa giza halikuua samaki wangu, halikugusa chanzo pia. Na wapo wenye matangi mapya, ambao wamepima kila kitu na bado wanao. Hao siwabishii. Mawe yao bado machanga, wangoje.

Lakini hata kama unga ungekuwa hauui kamba wala samaki, ningeupinga. Erithromaisini ni dawa ya watu, imetibu watu tangu 1952, na ina thamani hasa kwa wale ambao penisilini inawadhuru. Dada yangu ni mmoja wao. Tangu utoto penisilini humvimbisha uso, na kifua kikimshika sana ndiyo aliyokuwa akipewa hospitalini. Nami niliitia katika lita 300 za maji, kisha nikabadili robo ya maji hayo na kuyamwaga chooni. Bakteria wanaokutana na dawa kidogo kidogo huizoea, hilo linajulikana na kila muuguzi. Mtaniambia tangi moja ni tone. Ndiyo, ni tone, ila fani hii haina tangi moja, na ushauri ule ule unatolewa kwa kila mmoja wetu.

Pakiti zilizobaki nilizipeleka duka la dawa linalopokea dawa zisizotakiwa. Sasa nalisha kipande kimoja kila baada ya siku mbili, nikikisuuza kwanza kwenye chujio la chai, na maji ya bomba hayaingii tena bila kuchujwa. Nilihamisha pampu ielekee ile kona. Naitreti yangu haisomi sifuri, nami nimeacha kuwaonyesha wageni kipimo. Utando ulichukua majuma saba kuondoka, na bado hujitokeza pale nyuma ya jiwe, upana wa sarafu, kila ninapochelewa kusafisha pampu.