Istilahi za Injini Zitafutwe Gerejini

Wengi wetu tusikiapo neno "istilahi" hukumbuka kwanza Dar es Salaam: BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, au TUKI, ambayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia yake ilitoka mwaka 1990. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba istilahi huzaliwa mahali pengine pia, napo panaelekea kufungwa kabla hatujafika. Nakusudia gereji ya pikipiki kuukuu.

Kwetu ni Merigi, katika Bomet iliyomegwa kutoka Kericho mwaka 1992. Mvua inyeshapo, njia zetu huwa utelezi mtupu. Kabla ya bodaboda kuenea, aliyetufikia kwa pikipiki aghalabu alikuwa afisa wa kilimo, daktari wa mifugo au padri, naye alipanda Yamaha DT au Honda XL: pikipiki za Kijapani zilizoundwa kwa lami na kwa njia ya ng'ombe vilevile, tumbo likiwa juu, mbali na matope. Ukoo wa DT ulianza mwaka 1968 kwa DT-1 yenye injini ya sentimita za ujazo 246. Honda ikaleta XL250 mwaka 1972.

Tofauti yao kuu imo katika injini, na hapo ndipo lugha inapoingia. Darasani nilifunzwa kwamba DT ina injini ya "mapigo mawili" na XL ya "mapigo manne". Mapigo gani? Neno la Kiingereza lina maana nyingi, nasi tukachukua isiyohusika. Kinachohesabiwa ni safari za pistoni. Katika XL, pistoni hushuka ikivuta hewa na petroli, hupanda ikivibana, hushuka ikisukumwa na moto, kisha hupanda ikitoa moshi: safari nne kwa cheche moja. Katika DT, pistoni ipandapo hubana mchanganyiko ulio juu yake na papo hapo kuvuta mwingine chini yake. Ishukapo hufungua matundu ya ukutani mwa silinda, moshi ukatoka na mchanganyiko mpya ukapanda. Safari mbili, basi. Na kwa kuwa mchanganyiko huo hupitia chini, penye krenki, oili haiwezi kutulia pale. Husafiri na petroli na kuungua nayo. Ndiyo asili ya ule moshi wa samawati tuliokuwa tukiukimbilia utotoni.

Haya nilielezwa na fundi mmoja wa sokoni kwetu, bila kutaja pigo hata moja.

"Mzee, injini hii mnaiitaje?"

"Hii ni ya kuchanganya. Ile nyingine ni ya vali. Hii kichwani haina vali, kijana. Pistoni yenyewe ndiyo mlango."

Nilipomwuliza mbona ina tangi la oili la pekee, alicheka. Pampu ilikufa zamani. Sasa humimina mwenyewe, kipimo 1 cha oili kwa 20 vya petroli.

Najua wapo watakaosema kwamba lugha ya gereji ni mkorogo: plagi, kabureta, klachi, kunoki. Mimi nasema "kunoki" limekwisha kuingia katika sarufi yetu. Injini imenoki, dereva ameinokisha. Hatukukataa "kusafiri" na "kusamehe" eti kwa kuwa yana asili ya Kiarabu na hayaishii kwa irabu *a*. La ajabu ni kwamba tunamsaili fundi kwa ukali ambao hatukuwahi kuwatendea mabaharia.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na zile za Uhindi na Uchina zikajaa, karibu zote zikiwa za vali. Mwanagenzi wa fundi huyo hajawahi kuchanganya oili. DT ya mwisho niliyoiona Merigi iliuzwa kwa kilo, pamoja na mabati.

Chama chetu kimezoea kwenda Pwani kukusanya msamiati wa jahazi. Napendekeza safari ijayo ielekee Merigi, tukiwa na kinasa sauti na daftari, injini ifunguliwe mbele yetu na kila kipande kiandikwe kwa jina analolitumia aliyekishika. Fundi amekubali, mradi tusiende siku ya soko.