Kodi ya gawio nayo je?
Mwandishi, kwenye gawio umeruka jambo. Mkenya mwenye hisa za Marekani hukatwa kodi ya 30% ya gawio hukohuko, maana hatuna mkataba wa kodi nao. Kwa hisa za soko la Nairobi anakatwa 5% tu. Nawe mchangiaji uliyesema hapo juu eti dola haishuki: Januari 2024 ilifika takriban shilingi 160, katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Hisa zangu za kule zilipanda kwa dola, lakini nilipopiga hesabu kwa shilingi, thamani ilikuwa imepungua. Sikuuza. Karo nalipa kwa shilingi, kwa hiyo pesa yake inakaa hapa kwenye hatifungani. Ya uzeeni ndiyo inayokwenda nje. Jamani, tugawe kwa kuangalia matumizi, si kwa kuikimbia shilingi.