UKURASA WA WAZAZI: "Ile jiwe ilinipiga"

Mwezi huu tuzungumze juu ya vidonda vya watoto, vile vidogo vya kila siku. Goti lililochubuka njiani kwenda bombani, kidole kilichokatwa na bati, mkono ulioguswa na sufuria ya maharage, mguu uliokanyaga msumari. Tunaosha, tunafunga, basi. Lakini ni wangapi kati yetu tunamuuliza mtoto: "Wewe mwenyewe unaona uliumia kwa sababu gani?"

Tukiuliza, majibu yatatushangaza. Mtoto wa miaka mitatu au minne anaweza kusema, "Ile jiwe ilinipiga." Kwake yeye jiwe lina roho na lina nia mbaya. Na sisi wakubwa tunamsaidia kuamini hivyo. Akianguka tunapiga chini, paa! "Mbaya we! Umemwangusha mtoto wangu!" Mtoto anacheka, machozi yanakauka. Kubembeleza ni kuzuri, ila kesho atapita palepale akikimbia vilevile, maana mwenye kosa ameshachapwa.

Mtoto wa miaka mitano, sita au saba ana jibu lingine: "Niliumia kwa sababu sikumsikia mama." Asubuhi aliramba sukari kwa siri, jioni akateleza kwenye tope, na yeye anayaunganisha hayo mawili. Watoto wa mahali pengi wanafikiri hivyo. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliandika habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1932. Aliwasimulia watoto wa kwao hadithi ya watoto wawili walioiba matunda ya matofaa. Askari akatokea, akamshika mmoja. Wa pili akakimbia, akapita kwenye daraja bovu, likavunjika, akaanguka majini. Kisha aliwauliza: kama asingeiba, angeanguka? Wengi wa wadogo walisema hapana, daraja lilivunjika kwa sababu aliiba. Wakubwa zaidi, wa miaka 11 au 12, wengi waliona tofauti: daraja lilikuwa bovu, hata asiyeiba angeanguka.

Basi sikiliza nyumbani kwako. Mtoto analia, damu inatoka, na neno la kwanza kutoka kinywani mwetu ni lipi? "Umeona sasa! Nilikuambia nini? Mungu amekulipa!" Tunasema kwa hofu, kwa uchovu, kwa mapenzi pia. Lakini mtoto anasikia kwamba kidonda ni adhabu. Na mtu hutangaza adhabu yake? Hapana, anaificha.

Hapo ndipo hatari ilipo, jamani. Mchukue mtoto aliyemchokoza mbwa akang'atwa kidogo mguuni. Anajua alikatazwa kumchokoza. Anashusha suruali, ananyamaza. Kama yule mbwa ana kichaa, ugonjwa unaingia kimya kimya, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Lakini akisema siku ileile, tunaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, halafu tunakimbia naye kliniki kwa chanjo, na anaweza kuokoka. Msumari nao ni vilevile, unaweza kuleta pepopunda. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto haoni mbali hivyo. Anaona fimbo tu.

Kuna jambo la pili, zito zaidi. Watoto wetu wamepita katika mambo makubwa kuliko goti kuchubuka. Wamekimbia usiku, wengine wameacha baba nyuma, wengine wamemzika mdogo wao. Mtoto aliyejifunza kwamba kila maumivu ni malipo ya kosa lake, akifika kwenye hayo makubwa atatumia hesabu ileile: "Baba hakurudi kwa sababu nilimkosea." Wako wanaobeba mzigo huo bila kumwambia mtu. Namna tunavyomweleza kidonda kidogo ndiyo namna atakavyojieleza kidonda kikubwa.

Sasa tufanye nini? Kwanza kidonda, maneno baadaye. Osha, funga, mpeleke kliniki kama inafaa, umshukuru kwamba amesema. Akishatulia, kaeni chini muulizane mambo matatu: Ilikuwaje? Nini na nini vilikutana pale? Kesho tubadilishe kipi? Mtasikia kwamba alikuwa anakimbia, kamba ya turubai ilipita njiani, giza lilikuwa limeingia, na mdogo wake alikuwa mgongoni. Hiyo ni minne, na hakuna hata mmoja ulio laana. Kamba tunaweza kuifunga kitambaa cheupe. Maji tunaweza kumtuma mapema.

Kama kweli alivunja amri, mwambieni hivyo wazi, lakini mpeni na sababu: "Tulikukataza kucheza karibu na mawe ya jiko kwa sababu sufuria haikai imara, ikimwagika inaunguza." Hapo amri inakuwa na maana, na atamfundisha mdogo wake.

Jumamosi moja zungukeni nyumba pamoja. Mwachie mtoto atangulie, aonyeshe kila mahali mtu anapoweza kuumia. Wao ndio wanaopita kwenye vichochoro hivyo kila siku. Wanajua bati lipi lina ncha na mbwa yupi ni mkali. Sisi tufuate nyuma na nyundo na kamba mkononi.

Na kwa yule mtoto aliyewahi kuuliza, au anayeogopa kuuliza, kama tulikimbia nyumbani kwa ajili yake, tumwambie leo, kwa maneno mafupi: vita vililetwa na watu wazima. Wewe hukukosa chochote.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Watunzeni watoto, nanyi mjitunze.