Chati Inayojazwa Mtoto Akishazaliwa

Mama aliyekaa na uchungu usiku kucha hupimwa njia imefunguka kiasi gani. Ni nadra kuulizwa kama amekunywa maji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umeyaweka yote katika chati moja: mapigo ya moyo wa mtoto kila dakika 30, mkojo, kinywaji, maumivu, hata ndugu wa kumfariji. Lakini mara nyingi chati hiyo hujazwa mtoto akishazaliwa. Hiyo ni kumbukumbu, wala si uangalizi. Uchungu pingamizi usipotambuliwa mapema, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu kwa saa nyingi, na fistula huweza kufuata. Mkunga mmoja mwenye wazazi sita haijazi kwa wakati. Anayestahili kuulizwa kwanza ni aliyepanga ikama ya wodi.