Mwenye Kuhama Si Mtoro

Wako watu ambao kila wamwonapo mtu akiacha kazi moja na kushika nyingine husema kwamba ameshindwa. Hawaulizi ameacha nini, ameshika nini, wala amelipa gharama gani katikati ya mambo hayo mawili. Hukumu yao huwa tayari kabla ya ushahidi kuletwa. Katika nchi ya Japani hukumu ya namna hii imewaangukia vijana watelezao juu ya barafu, walioanza mchezo huo kila mmoja peke yake, kisha wakahamia katika dansi ya barafuni au katika mchezo wa jozi, mwanamume na mwanamke pamoja. Husemwa ya kuwa wamekimbilia kivulini baada ya jua kuwashinda. Neno hilo si la haki, na ubaya wake haukomi katika kuwavunjia watu heshima. Neno hilo huficha kosa la wengine.

Yafaa kwanza mambo yenyewe yaelezwe. Mchezo wa kuteleza kwa madaha una matawi manne: wanaume peke yao, wanawake peke yao, jozi, na dansi. Atelezaye peke yake husifiwa zaidi kwa miruko yake, na siku hizi wanaume hodari huzunguka mara nne hewani kabla chuma cha kiatu hakijagusa tena barafu. Katika jozi mwanamume humwinua mwenziwe juu ya kichwa hali yeye mwenyewe anakwenda mbio, humrusha mbali akatue kwa mguu mmoja, na humzungusha chini chini hata nywele zake zikakaribia kuifagia barafu. Katika dansi mwanamume haruhusiwi kumwinua mwenziwe kupita kichwa, wala hakuna miruko mikubwa. Thamani yake imo katika nyayo, katika kulaza chuma upande wa ndani na wa nje kwa usahihi, na katika kuufuata muziki bila ya wawili kuachana.

Japani imejipatia jina kubwa katika matawi mawili ya kwanza. Midori Ito alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1989. Shizuka Arakawa alipata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2006, na Yuzuru Hanyu akaipata mara mbili, mwaka 2014 na mwaka 2018. Mtoto wa Kijapani avaaye viatu vya barafu kwa mara ya kwanza huwa na sura za watu hao machoni. Hapana lawama katika hilo. Lawama huanza pale sifa ya tawi moja inapogeuzwa kuwa kipimo cha kudharau tawi jingine, na wahamao wakaitwa watoro.

Na ichukuliwe habari ya Daisuke Takahashi. Mwaka 2008 kano ya goti lake la kulia ilikatika, akapasuliwa, akakosa mashindano ya msimu mzima. Mwaka 2010 alipata nishani ya shaba huko Vancouver, akawa mwanamume wa kwanza wa Asia kupata nishani ya Olimpiki katika kuteleza peke yake, na baada ya majuma machache akatwaa ubingwa wa dunia mjini Torino. Aliacha mashindano mwaka 2014, akarudi mwaka 2018, na katika Desemba ya mwaka huo akashika nafasi ya pili katika mashindano ya taifa, akiwa na umri wa miaka 32. Mtu aliye wa pili katika taifa lenye watelezaji kama wale hakufukuzwa na yeyote. Hata hivyo mwaka 2019 alitangaza kwamba ataingia katika dansi pamoja na Kana Muramoto.

Je, alikwenda kupumzika? Alikwenda Florida, nchini Marekani, kwa mwalimu Marina Zoueva, akaanza upya kama mwanafunzi: namna ya kumshika mwenziwe, namna ya kupiga hatua karibu karibu bila ya vyuma kugongana, namna ya kumwinua mtu mwingine kwa mwili uliozoea kujibeba wenyewe tu. Japani ilikuwa na nafasi moja ya dansi katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022, na nafasi hiyo wakapewa Misato Komatsubara na Tim Koleto. Takahashi na Muramoto hawakutupa viatu. Januari ya mwaka ule ule walipata nishani ya fedha katika mashindano ya Mabara Manne huko Tallinn, Desemba wakawa mabingwa wa taifa, na Machi 2023, huko Saitama, wakawa wa 11 duniani. Ndipo wakastaafu. Ikiwa hicho ni kivuli, basi ni kivuli chenye jua kali.

Tena kuna dhuluma nyingine ndani ya sifa zenyewe. Watu walipomshangilia Takahashi walisema kana kwamba yeye ndiye aliyembeba Muramoto na kumtoa gizani. Walisahau kwamba Muramoto naye alikuwa mhamaji. Alikuwa mtelezaji wa peke yake, akaingia dansi mwaka 2014, na mwaka 2018, pamoja na Chris Reed, akapata nishani ya shaba ya Mabara Manne, nishani ambayo wachezaji wa dansi wa Asia hawakuwa wameipata kabla yao. Katika chombo kile nahodha alikuwa mwanamke, na bingwa wa zamani wa dunia ndiye aliyekuwa akijifunza tanga. Heshima ya Takahashi haipungui kwa kusema hivyo. Huzidi, kwa sababu ni wachache wawezao kushuka toka kitini na kukaa mkekani kusomeshwa.

Hoja ya pili ya wapinzani ni laini zaidi. Husema: hapana haja ya kufundisha jozi na dansi tangu utotoni, maana yeyote ajuaye kuteleza vizuri peke yake anaweza kuhamishwa wakati wowote akahitajiwa. Katika hoja hii mna chembe ya kweli. Kasi, mizani ya mwili na uzoefu wa kutazamwa na waamuzi ni akiba isiyopotea. Lakini mpiga mbizi hodari hawi mvuvi kwa sababu tu kazi zote mbili hufanywa baharini. Aliyejifunza peke yake kwa miaka kumi na mitano amejifunza pia kutomngoja mtu: akikosea, hukosea peke yake, na akitaka kubadili jambo katikati ya mwendo, hubadili. Mwenye kumwinua mwenziwe hana ruhusa hiyo. Kosa lake dogo humwangusha mtu mwingine kutoka juu, kichwa kikitangulia. Ujuzi wa kuwa amana ya mwili wa mtu mwingine hauazimwi kwa msimu mmoja.

Ushahidi wa jambo hili ni Ryuichi Kihara. Mwaka 2012 Narumi Takahashi na Mervin Tran walikuwa wameipatia Japani nishani ya shaba ya dunia katika jozi, mjini Nice. Lakini Tran alikuwa raia wa Kanada, na katika Olimpiki wawili hao sharti wawe raia wa nchi moja. Kabla ya mwaka kwisha walitengana. Ikatafutwa mtu wa kujaza pengo, akapatikana Kihara, kijana aliyekuwa akiteleza peke yake. Mwaka 2013 akaanza jozi, na Februari 2014 alikuwa tayari amesimama mbele ya dunia huko Sochi. Wakawa wa 18, wasifike sehemu ya pili ya mashindano. Mwaka 2018, pamoja na Miu Suzaki, akarudi katika Olimpiki huko Korea ya Kusini, akawa wa 21.

Kwa nini Sochi ilikuwa na haraka hiyo? Kwa sababu mwaka 2014 Olimpiki ilianzisha mashindano ya timu, na nchi itakayo nishani hiyo lazima iwe na watelezaji wa matawi yote manne. Japani ilikuwa na Hanyu na Mao Asada katika timu ile, na bado ikamaliza ya tano. Mwaka 2018 ikawa ya tano tena. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ghafla matawi yaliyodharauliwa yakahitajiwa, na aliyeitwa kuziba ufa alitakiwa kujua kwa miezi kumi na miwili kazi ambayo Warusi na Wachina waliifundisha tangu utoto. Kisha aliposhindwa, kushindwa kukaitwa kwake.

Kufika mwaka 2019 Kihara alikuwa anakaribia miaka 27, akifanya kazi ya kibarua katika uwanja wa barafu na akifikiri kuacha mashindano. Ndipo Riku Miura, msichana wa miaka 17 ambaye naye alikuwa ameanza kwa kuteleza peke yake, alipotaka kujaribu naye. Wakahamia Ontario, nchini Kanada, kwa mwalimu Bruno Marcotte. Yaliyofuata yanajulikana. Huko Beijing mwaka 2022 walikuwa wa saba katika jozi, na timu ya Japani, ambayo jozi hiyo ilikuwa nguzo yake mojawapo, ikapata nishani iliyopandishwa mwaka 2024 kuwa ya fedha baada ya alama za mtelezaji mmoja wa Urusi kufutwa. Katika msimu wa 2022 na 2023 walishinda fainali ya Grand Prix, Mabara Manne na ubingwa wa dunia, jambo ambalo jozi ya Japani haikuwahi kulifanya. Mwaka 2025, mjini Boston, wakawa mabingwa wa dunia mara ya pili.

Hapa huja hoja ya tatu, nayo ndiyo yenye hatari kuliko zote, kwa kuwa imevaa nguo za furaha. Husemwa: tazameni, njia yetu imezaa mabingwa, basi hapana cha kurekebisha. Hii ni sawa na mtu aliyeacha mlango wazi usiku, asiibiwe, kisha akasema kwamba makufuli hayana kazi. Kati ya kijana aliyeitwa mwaka 2013 na bingwa wa mwaka 2023 ipo miaka kumi, wenzi watatu, nchi za kigeni na kibarua. Mtu huyo alibaki kwa uvumilivu wake na kwa bahati ya kuulizwa na msichana mmoja kabla hajaondoka. Nchi haiwezi kuhesabu uvumilivu wa mtu mmoja kuwa mpango wake.

Na wale ambao bahati haikuwakuta? Yuko Kavaguti alitaka jozi kwa moyo wake wote, akamfuata mwalimu Tamara Moskvina hata Urusi. Mwishowe aliuacha uraia wa Japani, akashika wa Urusi, na pamoja na Alexander Smirnov akawa bingwa wa Ulaya mwaka 2010 na tena mwaka 2015. Ubingwa ule haukuhesabiwa kwa Japani, wala haukustahili kuhesabiwa. Binti wa nchi alipata alichokitafuta mahali palipokuwa na mwalimu na mwenzi.

Sababu za upungufu huu si fumbo. Uwanja wa barafu ni ghali kuutunza, na pale ambapo watelezaji wengi hugawana saa chache, hapana nafasi ya mtu kumwinua mwingine juu ya kichwa katikati ya watoto wanaojifunza kuruka. Jozi huhitaji barafu tupu, na barafu tupu huhitaji fedha. Wavulana ni wachache kuliko wasichana, na aliye hodari kati yao huambiwa abaki peke yake, kwa maana huko ndiko ziliko sifa. Hivyo mlango wa jozi na dansi hufunguliwa umri ukishasogea, au jeraha likishamzuia mtu kuruka, kisha anayepita mlangoni hutazamwa kwa huruma. Mwaka 2025 Rika Kihira, aliyeshinda Mabara Manne mwaka 2019 na mwaka 2020 na kisha akasumbuliwa kwa muda mrefu na kifundo cha mguu, alitangaza kuingia dansi pamoja na Shingo Nishiyama. Neno la kale halikosi kumfuata. Lakini aliyeufunga mlango mpaka mguu uumie hana haki ya kumcheka aingiaye akichechemea.

Linalotakiwa si kubwa kupita uwezo wa taifa lenye mali na ujuzi kama Japani. Watoto wafundishwe kushikana mikono juu ya barafu mapema, wavulana kwa wasichana, kabla dharau haijawafikia. Saa za barafu tupu zitengwe kwa wawili wawili, zisiwe makombo yaliyosazwa na wengine. Waliohama wakastaafu wafanywe walimu nyumbani, ili elimu iliyonunuliwa Florida na Ontario isiishie katika picha za kumbukumbu. Na ahamaye ahame kwa kupenda, akiwa mzima, wala si kwa kuwa mashindano ya timu yamekaribia na kiti ki tupu.

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Jozi ya Miura na Kihara inaelea, na macho yote yanaitazama. Wanaoitazama na wajiulize ni nani aliyeiunda, kwa mbao zipi, na mbali gani na nyumbani. Wakipata jibu la kweli hawatamwita tena mwenye kuhama mtoro. Wataona haya kwa kuwa hawakumjengea gati.