Kijana Akisoma, Aulizwe Rai Yake

Miongoni mwa mambo ambayo wazazi, walimu na wazee wa zama hizi hupenda kuyalalamikia mbele ya hadhara, hakuna linalorudiwa mara nyingi kama shutuma ya kwamba vijana hawasomi; na shutuma hiyo, ijapokuwa ina sehemu yake ya ukweli, naiona kuwa na upungufu mkubwa, kwa sababu katika hao waitoao ni akali tu waliopata kumkalisha kijana kitako wakamwuliza anasoma kitabu gani sasa, amefika wapi, na ana rai gani juu ya hayo aliyoyasoma. Kijana asiyeulizwa swali hilo nyumbani wala shuleni hana sababu ya kudhani kwamba rai yake ina thamani. Na msomaji ambaye rai yake haina thamani machoni pa watu, muda si mrefu huacha kuwa nayo, kisha kitabu chenyewe hukiweka chini. Dai langu katika makala haya ni kwamba kusoma kwa kijana hakukamiliki mpaka apate mtu wa kubahasi naye, na kwamba wajibu wa kumpatia mtu huyo ni wetu sisi tuliomtangulia.

Wala jambo hili si geni kwetu hata tuseme tunaletewa desturi ya watu. Katika Mvita ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, shairi lilikuwa mali ya baraza na soko: likitolewa lilipita midomoni mwa watu, likapimwa, likasifiwa au likatiwa ila, na aliyeguswa nalo akatafuta jibu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na uwanja wa mashairi ambamo mtu wa mji mmoja aliuliza kwa beti na mwingine, ambaye huenda hawakuwahi kuonana maishani, akamjibu kwa bahari ile ile na vina vile vile. Wasomaji wa siku zile hawakungoja kuambiwa na mtahini shairi lina dhamira gani. Walilisoma kwa ghera, wakaliandikia jibu.

Sasa tazama tunavyowafanyia watoto wetu. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne Tanzania wamepewa vitabu vizuri kabisa: riwaya kama Takadini na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, diwani kama Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib na Malenga Wapya. Sina ugomvi na uteuzi huo. Ugomvi wangu ni juu ya kijitabu kingine, kile kiuzwacho kandokando ya barabara kwa bei ya soda mbili tatu, ambacho wanafunzi hukiita mwongozo, na ambamo kila riwaya imekwisha kuchinjwa na kukatwa vipande: dhamira kuu, dhamira ndogo ndogo, ujumbe, falsafa ya mwandishi, mtazamo, matumizi ya lugha. Nimepata kuviona viwili hivyo katika mkoba wa mwanafunzi mmoja, vikiwa vimelala pamoja. Mwongozo ulikuwa umevikwa jalada la gazeti, pembe zimekunjamana, kila ukurasa una mistari ya kalamu nyekundu. Riwaya yenyewe ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani, na kurasa zake za katikati zilikuwa bado zimeshikana. Mtoto huyo alinitajia falsafa ya mwandishi bila ya kusita, lakini nilipomwuliza katika watoto wale wa Mama N'tilie, Peter na Zita, ni yupi alimwonea huruma zaidi, alinitazama kwa fadhaa, kama aliyeulizwa jambo lisilokuwamo katika mtaala. Simlaumu. Amefundishwa kwamba kitabu kina jibu moja, na kwamba jibu hilo liko kwa mtu mwingine.

Kinyume cha hayo nimekishuhudia pia, na nikitaje kwa sababu kilinipa matumaini makubwa. Katika shule moja ya serikali mwalimu aliwakusanya wanafunzi kadhaa saa za alasiri, nje ya vipindi, wasome Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu kilichotoka mwaka 1951, wala hakuwapa maswali ya kujibu. Binti mmoja akasimama akasema kwamba kesi ile ya Karama haikumridhisha: siku 6 mfululizo mshitakiwa anawasimulia watu habari za wajumbe waliotumwa pande 6 za ulimwengu wakarudi na manufaa wakatiwa gerezani, kwa nini basi, akauliza, wajumbe wenyewe hawaitwi barazani waseme kwa vinywa vyao? Mvulana aliyekaa dirishani akamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya mwanasheria, kumsemea aliyefungwa kinywa, na kwamba Karama ameshitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu kazi hiyo hiyo, kwa hiyo kila asemapo huwa anaitenda. Binti hakukubali. Akataka aonyeshwe mahali kitabuni ambapo wajumbe walimpa Karama ruhusa ya kuwasemea. Ikawa ni kupekua kurasa, vichwa vitatu juu ya nakala moja, na kengele ya kwenda nyumbani ikapigwa bila ya mtu kuijali.

Mimi niliona jibu la mvulana kuwa zuri na swali la binti kuwa kubwa kuliko jibu. Lakini lililonigusa zaidi ni kwamba kadhia ile ya Kusadikika ilikuwa ikijidhihirisha mbele yetu. Nchi ile iliyoning'inia angani haikukosa watu wenye akili. Ilikuwa nao, ikawatuma mbali, wakarudi na majeraha ya safari na habari za ajabu, kisha ikawaadhibu kwa kuzileta. Kila kijana amalizaye kitabu ni mjumbe wa namna hiyo. Ametoka mahali ambapo huenda baba yake hajafika. Na akirudi na neno ambalo halimo katika mwongozo, tunamwambia anyamaze asome yatakayoulizwa. Majivuno, waziri wa Kusadikika, asingeweza kubuni adhabu iliyo kimya kuliko hiyo.

Hapa najua nitaulizwa swali, na ni swali la haki: je, kila kitabu ni halali kwa kila umri? Naam, si kila kitabu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, mwandishi wake akiwa bado kijana wa chini ya miaka 30, ina mambo ambayo mtoto wa miaka 10 hayamhusu, na kwa muda kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni. Lakini kisome kisa chenyewe. Zakaria, mzee mlevi wa Ukerewe, alimchunga bintiye kwa fimbo asiseme na mvulana yeyote, na alipogundua kuwa ameandikiwa barua na kijana alimwadhibu kwa ukali usio na kiasi. Hakumkalisha hata siku moja akamweleza nini hasa alichokuwa akikiogopa juu yake. Rosa alipotoka mikononi mwa babaye akaingia katika uhuru wa shule na chuo, hakuwa na silaha yoyote ya kujihifadhi, na hatima yake ikawa mauti. Ni kitabu kinachowaonya wazazi kuliko kinavyowaonya mabinti. Sasa mtu akikichukua kitabu hicho akakifungia kabatini, asimweleze binti wa miaka 17 neno lolote ila kwamba ni kibaya, amefanya nini ambacho Zakaria hakukifanya? Insafu ni mzazi akisome yeye kwanza, kisha ampe, kisha waketi. Mazungumzo ya saa moja baada ya sura ile ya barua yatamfaa binti kuliko marufuku ya miaka mitano.

Katika ushairi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa vijana wengi wameaminishwa kwamba mashairi ni mafumbo ya wazee. Basi na waanze na Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyetiwa gerezani mwaka 1969, umri wake miaka 22, kwa sababu ya waraka aliouandika kuhoji nchi yake inakoelekea. Akakaa huko miaka mitatu, akatunga kwa siri juu ya karatasi za chooni mashairi ambayo mwaka 1973 yalitolewa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwambie kijana umri ule na karatasi ile, kisha umwachie diwani mkononi. Atasoma. Na akiona kwamba dhiki ile yote imepangwa kwa vina na mizani visivyopungua hata kimoja, atauliza mwenyewe ni nguvu gani ilimwezesha mtu kuhesabu mizani gerezani. Na hapo atakuwa ameingia katika elimu ya ushairi kwa mlango wake hasa.

Akishaingia, apewe na ule ugomvi mkubwa. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, na miaka 20 baadaye Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ambayo mashairi yake mengi hayafuati vina wala mizani, na malenga wakawaka. Mimi, kwa malezi na kwa sikio langu, ni mtu wa vina. Naona ubeti wenye mizani kamili huganda moyoni na kubaki, ilhali shairi huru mara nyingi hubidi nilitafute tena kitabuni. Lakini sipendi kijana aipokee rai hii kwangu kama urithi. Asome Kichomi kwa sauti chumbani mwake, asome na Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, kisha aje anambie nimekosea wapi. Kijana aliyekariri nyimbo za bongo fleva tangu utotoni anavijua vina kabla hajafundishwa jina lake, na sioni kwa nini asihesabiwe kuwa shahidi katika kesi hii.

Upo pia utendi wa Mwana Kupona binti Msham, alioutunga mwaka 1858 hali mgonjwa, akamwita bintiye Mwana Hashima asogee na wino na karatasi apate kumwusia. Hakuna maandishi ya kale ya Kiswahili yaliyo karibu zaidi na msichana kuliko hayo, wala hakuna yanayozusha mabishano makali zaidi nikiyasoma na wasichana wa leo, hasa pale mama anapofundisha namna ya kumtii mume na kumhudumia. Wako wanaokasirika waziwazi. Wako walimu ambao, kwa kuogopa hasira hiyo, huzipita beti zile haraka, na wengine huikemea kama utovu wa adabu. Yote mawili si sawa. Wasia ambao baada ya miaka zaidi ya 160 bado waweza kumfanya binti wa miaka 16 agonge meza ni wasia ulio hai, na heshima itupasayo kumpa Mwana Kupona ni kumjibu. Ila binti awe amesoma wote: asome na yale ya kuwaheshimu watu na kuwafaa maskini, aone na ile khofu ya mama anayejua kwamba hatakuwapo kumlinda mwanawe, katika nchi ambayo mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliipigania na watawala wa Unguja kwa miaka mingi. Baada ya hapo akibaki na hasira yake, ni yake kwa haki.

Na hapa nina neno kwenu vijana wenyewe, maana haki hii niwadaiayo ina gharama. Kusema kitabu kinachosha, au kwamba mmekipenda sana, bado hamjasema kitu. Rai ni neno lililofuatwa na hoja, na hoja ya msomaji imo ndani ya kitabu: ni sura fulani, ni tendo la mtu fulani, ni ubeti ambao ukiutoa shairi huanguka. Yule binti wa Kusadikika alistahili kusikilizwa kwa sababu alipobishiwa alifungua kitabu. Tena someni na vile ambavyo wenzenu wamevisifu nanyi hamvitaki, Siku Njema ya Ken Walibora kwa mfano, ambayo wako wanaoniambia kuwa safari ya kijana yule kutoka Tanga hadi Kenya kumtafuta baba yake ina bahati nyingi mno kuaminika. Huenda. Lakini mueleze basi kwa nini, tangu mwaka 1996, mayatima na wasio mayatima wameisoma usiku kucha.

Wazazi nao wasinijibu kwamba vitabu ni ghali. Ni ghali, ndiyo. Lakini nakala moja yatosha nyumba nzima, na swali la rai halinunuliwi.

Nyumbani kwangu sasa nakala hiyo moja ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili ikatoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobeli. Naisoma pamoja na wapwa zangu wawili, na inawafaa kwa umri wao, kwa kuwa Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa rehani kwa mfanyabiashara Aziz kwa ajili ya deni. Tumefika mwisho, ambapo kijana anakimbia kuufuata msafara wa askari wa Kijerumani, na nyumba imegawanyika. Mpwa wangu wa kiume ashika kwamba hilo ndilo jambo la kwanza Yusuf alilolichagua mwenyewe tangu kitabu kianze, kwa hiyo ni uhuru hata ukiwa mchungu. Dada yake asema mtu anayetoka rehani ya tajiri akaingia rehani ya serikali hakuchagua, amebadilishiwa bwana tu. Mimi naelemea upande wa binti. Hata hivyo nimewarudisha wote wawili kwenye ukurasa wa wale mbwa walao kinyesi kambini baada ya askari kuondoka, ambao Yusuf anawaona kabla hajakimbia, kwa maana yeyote kati yao asiyeweza kueleza mbwa wale wanafanya nini pale, hoja yake bado haijatimia. Wamepewa hadi Ijumaa.