Posti Smashi Utakavyo, Gemu Anaiamua Anayepokea

Wadau wa Rock City, leo tuweke pembeni stori za nani kaachana na nani. Nina langu la voliboli ya vyuo, na najua kuna watu litawachoma.

Kuna kaka mmoja anachezea chuo kimoja hapa Mwanza, jina naliweka kapuni. Mrefu, kajengeka, akiruka unasema huyu harudi chini. Klipu zake za smashi mmeziona, kila mechi za vyuo zikianza zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka simu inajaa. Sasa naomba mtu mmoja tu anionyeshe klipu ya huyo kaka akipokea sevisi. Hamna. Wapinzani wameshamjua, wanamsevia yeye tu, mpira unamgonga mikononi unaishia kwa muuza miwa. Mtu akipiga smashi nne za kutisha halafu akaharibu sevisi sita, kaipa timu hasara ya pointi mbili. Na jioni anapostiwa yeye!

Tuelewane kidogo hapa, maana wengi tunashangilia tu. Upande mmoja wa uwanja ni mita 9 kwa 9, watu sita, na mna miguso mitatu ya kurudisha mpira. Ule mguso wa kwanza ndio unaamua miwili iliyobaki. Mpira ukifika kwa seta umetulia, karibu na wavu, seta ana uhuru: anaweza kumpa wa kushoto, wa kulia, au wa katikati, na wapinzani hawajui waruke wapi. Lakini pasi ikiwa mbovu, seta anakimbilia mpira huko nyuma, anaunyanyua juu juu kwa yule mrefu, na mbele yake kuna ukuta wa watu wawili au watatu wanaomsubiri kwa raha zao. Halafu tunasema "leo kaka hakuwa fomu". Fomu gani? Kalishwa chakula kibichi.

Shirikisho la dunia, FIVB, lililiona hili zamani. Mwaka 1998 likaleta nafasi ya libero, yule anayevaa jezi ya rangi tofauti, kazi yake kupokea na kuokoa tu. Haruhusiwi kuweka ukuta wavuni, haruhusiwi kupiga mpira ulio juu ya usawa wa wavu. Yaani wametengeneza sheria nzima ili mtu mfupi mwenye mikono tulivu apate kazi. Sisi huku tunafanyaje? Jezi ya libero anapewa aliyebaki baada ya warefu kugawana namba. Namjua dada mmoja, naye simtaji, anaokoa mipira ambayo wewe umeshaanza kuihesabu kuwa pointi. Kwenye mchujo wa timu ya chuo chake aliambiwa "wewe mfupi, nenda netiboli". Netiboli nayo wanataka warefu! Na usichukulie poa, maana kwa wengi voliboli ya chuo ndio njia ya kuonekana na timu za majeshi, na huko kuna ajira. Ukikatwa kwenye mchujo, hujakosa jezi peke yake.

Mtu atasema nguvu na urefu ndio voliboli yenyewe. Basi tuvuke mpaka hapo Kenya. Malkia Strikers ndio wenye mataji mengi ya Afrika kwa wanawake kuliko nchi yoyote, na mikono yao ni mizito, hilo halina ubishi. Olimpiki wamefika mara nne: 2000, 2004, ile ya Tokyo iliyochezwa 2021, na Paris 2024. Hawajashinda mechi hata moja. Tokyo na Paris ukizijumlisha ni mechi 8, seti 24, zote zimeenda. Na kwenye mashindano yote hayo mawili walifungwa na Japani, ambayo sio timu ya majitu. Mimi nikiwatazama, shida yao naiona pale pale kwenye mguso wa kwanza: sevisi ngumu inakuja, pasi inayumba, mpigaji anapewa mpira wa kubahatisha.

Hao Wajapani hawakuanza jana. Voliboli ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo 1964, wanawake wao waliwapiga Wasovieti waliokuwa wakubwa wa miili na kuchukua dhahabu. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Nichibo. Kocha wao, Hirobumi Daimatsu, aliwafundisha kujirusha kuokoa mpira, kubingirika, na kusimama tena kabla mpira haujarudi. Kiwanda cha nguo, jamani! Mji wetu huu ulikuwa na Mwatex, na pamba iko hapo Usukumani. Basi tu.

Sasa niwe mkweli upande wa wachezaji: kujirusha kwenye viwanja vyetu vingi ni kuomba kidonda. Murramu, vijiwe, ukianguka unaacha ngozi pale. Vilinda magoti ni hela, na hela yenyewe ya mwanafunzi mnaijua. Kwa hiyo silaumu mtu anayeuangalia mpira ukianguka mbele yake. Namlaumu kocha ambaye mazoezi ya saa mbili anaweka foleni ya kupiga smashi saa moja na nusu, halafu kupokea ni dakika kumi za mwisho watu wameshachoka.

Wakati mchanga tunao! Kuna fukwe kibao kandokando ya ziwa, mchanga laini, mtu anajirusha anavyotaka na kesho anaenda darasani mzima. (Mkimaliza msijitose majini kunawa jasho, kichocho kipo.) Pale mchangani miguu inakuwa mizito, kwa hiyo unajifunza kusoma mkono wa mpigaji mapema badala ya kutegemea mbio. Na ule upepo wa ziwani wa mchana tunaoulalamikia kila mechi, ungekuwa silaha yetu. Sevisi ya kuelea isiyozunguka ikikutana na upepo ule inayumba kama daladala yenye tairi bovu. Timu iliyozoea kuipokea hiyo kila siku, ikienda kucheza ukumbini ambako hakuna upepo, itaona mpira unakuja wenyewe mkononi. Magoti chini, mikono imeungana, miguu ifike kabla ya mikono, usiupungie mpira. Mikono yako iwe meza, sio panga.

Na sio kweli kwamba ulinzi hauuzi. Marekani, tarehe 30 Agosti 2023, mechi ya voliboli ya wasichana wa chuo kikuu cha Nebraska iliingiza watu 92,003 uwanjani. Kwenye timu ile alikuwepo Lexi Rodriguez, libero, ambaye 2021 akiwa mwaka wa kwanza tu alichaguliwa kikosi cha kwanza cha bora wa vyuo vya nchi nzima. Libero! Watu wanamjua kwa kuokoa. Kwa nini? Kwa sababu kamera zilimfuata.

Ndio maana leo nimekuja na ninyi wenye simu. Mechi za vyuo zikirudi, usisimame tu karibu na wavu kusubiri smashi. Zunguka nyuma ya mstari, mrekodi anayepokea, mrekodi yule dada mfupi anayelala chini mpira ukiwa kidole kimoja kutoka ardhini. Nitumieni inboksi. Klipu ya kwanza itakayonifikia naipandisha hapa hapa, na mwenyewe akikubali, safari hii jina haliendi kapuni.